Kiboko, Mtumbwi na Bwawa: Somo la Zambezi kwa Sisi Wenye Rufiji

Neno safari ni letu, ila wageni wameliazima na kulipunguza. Kwetu sisi kupanda basi pale Mbezi saa kumi na mbili asubuhi kwenda nyumbani Songea ni safari. Kwao safari ni wanyama: gari lenye paa la kufunguka, kofia pana, darubini shingoni na simba amelala chini ya mti. Na kwa kuwa matangazo ya utalii nayo yanaonyesha hivyo hivyo, hata sisi wenyewe tumezoea kuamini kwamba mbuga huonwa kwa gari, na kwamba mbuga maana yake ni Serengeti na Ngorongoro, basi.

Ipo namna nyingine ya kuwaona wanyama, nayo ni kwa mtumbwi mtoni. Makala hii inaeleza safari hiyo inavyofanyika, kwa nini wanyama wanajaa kando ya mito ya aina hiyo, na mto ukizibwa bwawa kinatokea nini. Nitaanzia Zambezi maana huko ndiko safari za mtumbwi zimekomaa, na huko bwawa lina zaidi ya miaka sitini. Nitamalizia Rufiji, ambako bwawa ni jipya na majibu yake bado yanaandikwa. Nasoma ualimu, somo langu ni jiografia, kwa hiyo mnivumilie nikianza kuchora mto ubaoni.

Safari ya mtumbwi inavyokwenda

Zambezi unaanzia kaskazini magharibi mwa Zambia, unapita Angola, unagusa Namibia na Botswana, unakuwa mpaka wa Zambia na Zimbabwe, kisha unaingia Msumbiji na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi. Kati ya nchi hizo mbili za mpakani kuna maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, ambayo vitabu vingi vinayaita Victoria. Mbele yake maji yanapita kwa fujo kwenye korongo la Batoka, na huko watu hushuka kwa maboti ya mpira wakipiga kelele. Mimi siongelei hapo. Naongelea chini zaidi, baada ya bwawa la Kariba, ambako mto unatanuka, unatulia, na kugawanyika katika mikondo yenye visiwa vya mchanga. Ng'ambo ya kusini ni Hifadhi ya Mana Pools ya Zimbabwe, ng'ambo ya kaskazini ni Hifadhi ya Lower Zambezi ya Zambia.

Hapo kundi dogo la watu hupanda mitumbwi, wawili wawili kwa mtumbwi mmoja, wakaufuata mkondo kwa siku tatu, nne au zaidi. Mahema, chakula na magodoro yote yamo ndani ya mitumbwi. Usiku wanalala kisiwani au ukingoni, asubuhi wanafunga mizigo na kuendelea. Wanaanza mapema kwa sababu mchana upepo hupanda, na upepo ukikutana na mkondo unaleta mawimbi ya kuweza kuujaza maji mtumbwi ulioelemewa mizigo. Mwongozaji anatangulia, wengine wanafuata kwa mstari mmoja, na hakuna anayempita.

Raha yake iko kwenye ukimya. Injini haipo. Tembo anayekunywa maji hana sababu ya kukimbia gogo linaloelea taratibu. Ukiwa umekaa kwenye mtumbwi, kichwa chako kiko chini ya magoti yake, unaona hata maji yanavyochuruzika kutoka kwenye mkonga. Lakini pia hapo hakuna mlango wa gari wa kufunga wala dereva wa kurudi nyuma kwa kasi. Kama kuna kosa, mnaloana wote.

Huko Botswana kwenye delta ya Okavango wana mtumbwi wao unaoitwa mokoro. Maji ya kule ni kina kifupi, kwa hiyo mtu husimama nyuma na kuusukuma kwa mti mrefu unaogota chini. Ukimwonyesha Mrufiji picha hiyo atakwambia, "Huyo si anapiga pondo tu." Kweli, ni pondo. Kazi ambayo babu zetu wameifanya kwa kuvua samaki na kuvusha mpunga, wenzetu wameigeuza kuwa ajira ya kupokea wageni. Siku hizi mitumbwi mingi ya kule inatengenezwa kwa faiba ili miti mikubwa isiendelee kukatwa.

Kiboko ndiye mwenye njia

Watu wengi wanapofikiria mto wanaogopa mamba. Mamba wa kuogopwa yupo, na kanuni yake ni fupi: usining'inize mkono wala mguu majini, usioge sehemu yenye kina, usichote maji mahali pale pale kila siku. Lakini kwa mtu aliye ndani ya mtumbwi, mnyama anayepanga safari nzima ni kiboko.

Ili uelewe kanuni zake lazima uelewe maisha yake. Kiboko ana uzito wa kilo elfu moja na nusu na kuendelea, na hawezi kuelea na kuogelea kama tunavyodhani. Anatembea au kuruka ruka juu ya sakafu ya mto, anaweza kuzama kwa dakika kama tano, kisha lazima atoke kuvuta hewa. Mchana anakaa majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua. Usiku anatoka kwenda kula majani nchi kavu, makumi ya kilo kwa usiku mmoja, na alfajiri anarudi kwa njia ile ile aliyoizoea. Kwake maji yenye kina ndiyo nyumba. Akiogopa, anakimbilia nyumbani.

Kanuni zote za mtumbwi zinatoka hapo.

Ya kwanza, mtumbwi hupita kwenye maji mafupi karibu na ukingo, na viboko huachiwa kina. Ukipita katikati unakaa juu ya nyumba ya mtu. Ya pili, usijiweke kati ya kiboko na maji yenye kina. Kiboko aliye ukingoni akishtuka hatazunguka kukukwepa, atapita njia yake, na kama uko kwenye njia hiyo pole yako. Ya tatu, piga hodi. Waongozaji wa Zambezi hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi wanapokaribia mahali wanapohisi pana viboko. Sauti inasafiri majini, viboko wanainua vichwa kuangalia ni nani, na mwongozaji anawahesabu. Anaowaona si shida sana. Anayemtafuta ni yule ambaye hajatokea. Kundi linasubiri mpaka atoke, ndipo linapita.

Nilipokuwa kwenye mafunzo ya kufundisha kwa vitendo katika shule moja ya sekondari wilayani Rufiji, jirani yetu alikuwa mzee mvuvi. Nilimwamkia shikamoo, tukakaa, nikamsomea habari hii ya kugonga mtumbwi nikidhani nampa jipya. Akacheka. "Mjukuu wangu, kwani wewe nyumbani kwa watu unaingia bila hodi?" Kisha akanionyesha ubavu wa mtumbwi wake, sehemu iliyolainika kwa kupigwa na kafi miaka na miaka. Hakuna cheti cha uongozaji alichopewa mzee yule, ila angekaa kwenye mtihani wa vitendo wa Zambezi angewaacha wengi.

Kwa nini wanyama wako pale

Sasa nichore mto.

Mto unaopita kwenye tambarare hauendi moja kwa moja. Unajipinda kama nyoka. Kwenye kona, maji ya upande wa nje yanakwenda kasi na kula ukingo, ya upande wa ndani yanakwenda polepole na kuacha mchanga. Kona inazidi kujipinda mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja wakati wa mafuriko mto unakata njia ya mkato na kuiacha kona ile peke yake. Kona iliyoachwa inabaki kuwa ziwa lenye umbo la mwezi mchanga. Mto ukifurika tena unalijaza, ukipungua unaliacha na maji yake.

Jina Mana Pools linatoka hapo hapo. Mana kwa Kishona ni nne, na madimbwi manne makubwa ya hifadhi hiyo ni mabaki ya njia za zamani za Zambezi. Kiangazi kikikaza na vidimbwi vya porini vikikauka, tembo, nyati, swala na wanaowawinda wote wanasogea kwenye ukanda huu wenye maji. Chakula kipo pia, kwa sababu mafuriko ya zamani yaliacha udongo wenye rutuba, na juu ya udongo huo imeota miti mikubwa ya mkababu. Mkababu ni mti wa ajabu kidogo: unapukutisha majani wakati wa mvua na kuwa wa kijani wakati wa kiangazi. Maganda ya mbegu zake huanguka wakati majani mengine yote yamekauka, na tembo wanayapenda kiasi kwamba Mana Pools kuna madume yanayojulikana kwa kusimama kwa miguu miwili ya nyuma ili kufikia matawi ya juu.

Kwa hiyo mtalii wa mtumbwi anafurahia matokeo ya kazi ambayo mafuriko yaliifanya. Mto ulichimba madimbwi, ukaleta udongo, udongo ukaotesha miti, miti ikavuta tembo. Kiboko naye anachangia: anakula nchi kavu, anajisaidia majini, na kinyesi chake kinakuwa mbolea ya mwani na wadudu wanaoliwa na samaki. Ondoa mafuriko, mnyororo huu haukatiki siku hiyo hiyo. Unalegea taratibu, na kwa sababu ni taratibu, watu wanachelewa kuona.

Kariba ilifanya nini

Bwawa la Kariba lilianza kujazwa Desemba 1958. Ukuta wake una kimo cha mita 128, na ziwa lililotokea lilikuwa wakati huo kubwa kuliko yote yaliyotengenezwa na binadamu. Watu wa kabila la Watonga wapatao 57,000 walihamishwa kutoka bondeni. Wanyama walipobaki kwenye visiwa vinavyozama, kulifanyika kampeni ya kuwaokoa iliyoitwa Operesheni Noah, ikiongozwa na Rupert Fothergill, na wanyama zaidi ya 6,000 waliokolewa kwa maboti, kamba na hata kuogeleshwa. Picha za askari waliobeba swala zilizunguka dunia.

Waliookolewa ni wa juu ya ukuta. Wa chini ya ukuta hawakuzama, kwa hiyo hakuna aliyewapigia kelele. Lakini huko ndiko Mana Pools iliko, na huko mabadiliko yalikuwa mawili.

Badiliko la kwanza ni la ratiba. Watu wengi wanadhani bwawa la umeme linakula maji. Halili. Ukiacha yale yanayopotea kwa mvuke, maji yanayozungusha mitambo yanarudi mtoni. Kinachobadilika ni lini yanarudi. Zamani Zambezi ulipanda baada ya mvua na kushuka kiangazi, kila mwaka kama mapigo ya moyo. Baada ya bwawa, maji yakaanza kufuata mahitaji ya umeme, karibu sawa sawa mwaka mzima, na mafuriko yakaja tu pale milango ya bwawa ilipofunguliwa.

Badiliko la pili ni la udongo. Maji yanayoingia ziwani yana matope, yakitulia matope yanazama. Yanayotoka chini ya ukuta ni masafi. Kwa macho ni jambo zuri, kwa mto ni njaa. Maji yasiyo na matope yana nguvu ya kubeba matope, kwa hiyo yanakula kingo na visiwa vya chini yake bila kuleta udongo mwingine wa kufidia.

Matokeo yake yanaonekana kwenye ile miti. Mikababu mikubwa ya Mana Pools inazeeka na kuanguka, na miche inayokua kuchukua nafasi yake ni michache. Wataalamu wanataja sababu mbili zinazokwenda pamoja: tembo na swala wanaokula miche, na mto ambao hauleti tena maji na udongo mpya juu ya tambarare. Mtalii wa leo anapiga picha nzuri chini ya miti iliyopandwa na mafuriko ya kabla ya babu yake kuzaliwa. Mjukuu wake atapiga picha ya nini, hilo ndilo swali.

Mbele zaidi, Msumbiji, bwawa la Cahora Bassa lililozibwa mwaka 1974 liliongeza tatizo hilo hilo mpaka deltani. Kambamiti wa pwani ile wanategemea maji ya mto yanayoingia kwenye mikoko kwa majira, na watafiti wamekuwa wakipendekeza kwa miaka mingi kwamba maji yaachiwe kwa kufuata majira ya asili. Haya yote yaliandikwa, yakapimwa, yakajulikana. Na Mana Pools ilipata bahati ya kuepuka la pili: wazo la kujenga bwawa jingine katika korongo la Mupata, ambalo lingeifunika kwa maji, liliachwa miaka ya 1980 baada ya kupingwa. Mwaka 1984 hifadhi hiyo ikaandikwa kuwa Urithi wa Dunia.

Tugeukie Rufiji

Kila nilichokieleza kuhusu Zambezi tunacho nyumbani. Rufiji unazaliwa pale Kilombero na Luwegu zinapokutana, halafu Ruaha Mkuu unajiunga. Bonde lake linachukua karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mto ukishatoka kwenye korongo la Stiegler unatanuka kwenye tambarare na kuacha maziwa: Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu, Mzizimia. Hayo yamo ndani ya iliyokuwa sehemu ya Pori la Akiba la Selous, Urithi wa Dunia tangu 1982, na tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hifadhi hii ina kilometa za mraba zaidi ya 30,000, na ni miongoni mwa maeneo machache Tanzania ambako kumwona mnyama kwa boti ni jambo la kawaida. Nje ya hifadhi maziwa yanaendelea vijijini: Zumbi, Ruwe, Utunge na mengine, yenye wavuvi na viboko wanaogombea maji yale yale.

Kozi yetu ilipokwenda ziara, tulipanda boti ya bati yenye injini hadi Ziwa Manze. Sehemu niliyoipenda ni pale nahodha alipozima injini. Washikaji waliokuwa wanapiga selfi wakanyamaza wenyewe. Kulikuwa na vigogo vya mivumo vilivyokufa vimesimama ndani ya maji, tai mlasamaki juu yake, na viboko kama thelathini wakitutazama masikio tu. Nahodha akasema mivumo ile iliota zamani hapo palipokuwa nchi kavu, halafu maji yakahamia. Somo zima la mto unaohama lilikuwa mbele yetu, limesimama.

Na Rufiji nao sasa una bwawa. Mkataba wa ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere ulisainiwa Desemba 2018, jiwe la msingi likawekwa Julai 2019, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, na mwaka 2024 mitambo ya kwanza ikaanza kutoa umeme. Mitambo ni tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Ukuta uko kwenye korongo la Stiegler. Maziwa yote niliyoyataja yako chini yake, kama Mana Pools ilivyo chini ya Kariba.

Nisieleweke vibaya. Umeme tunautaka. Aliyekuwa chuoni wakati wa mgao wa mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 anakumbuka kudesa kwa tochi ya simu, na simu yenyewe ina asilimia nane. Sitaki kuwa mtu wa kuchaji laptopu huku akilaani bwawa. Bwawa lipo, linafanya kazi, na halibomolewi. Swali lililobaki ni dogo lakini lina uzito: maji yataachiwa vipi, na lini?

Wanaouliza swali hili kuliko wote si watalii. Nilipokuwa nafundisha mada ya mito Kidato cha Tatu, nilichora ile kona inayokatwa na kubaki ziwa. Kitabu kilitoa mfano wa Mississippi. Nikauliza nani amewahi kuona ziwa la namna hiyo. Mikono karibu yote ikainuka. Mwanafunzi mmoja aliyezoea kukaa kimya nyuma akaniuliza, "Mwalimu, mto usipokuja, mlau tutalima wapi?"

Kwa asiyejua, mlau ni kilimo cha baada ya mafuriko. Mto unapanda karibu na Aprili, unafunika mashamba ya bondeni, unaacha tope, unashuka, na watu wanapanda mahindi, maboga na kunde kwenye unyevu ule bila mvua na bila mbolea ya dukani. Maziwa nayo yanapata maji mapya na samaki wapya. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, serikali iliwahamishia watu kwenye vijiji vya nyanda za juu, lakini waliendelea kushuka bondeni kulima na kujenga madungu ya kulinda mazao, kwa sababu rutuba iko huko. Yaani kinachomlisha kiboko wa mtalii na kinachomlisha mtoto yule darasani ni kitu kimoja.

Wapo watakaosema, mbona Aprili 2024 mafuriko yaliwatesa watu wa Rufiji na Kibiti? Ni kweli, nyumba na mashamba yaliharibika, na ubishi wa kuhusu bwawa ulikuwa mkali. Ila tutofautishe. Kuna furiko la kawaida, linalokuja kwa majira na watu wanalisubiri wakiwa wameandaa mbegu. Na kuna furiko la maafa, linalopita kiasi. Bwawa likiendeshwa vizuri linaweza kupunguza la pili bila kuua la kwanza. Likiendeshwa kwa kuangalia mitambo peke yake, linaweza kumpokonya mkulima la kawaida kwa miaka mitano, kisha mvua ikizidi likamletea la maafa akiwa amekwisha kulisahau.

Mbinu ya kuepuka hilo inajulikana: kuachia maji kwa makusudi wakati wa majira, kiasi cha kupandisha mto hadi kwenye maziwa na bondeni, kwa tarehe ambazo vijiji vimetangaziwa. Sheria yetu ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 tayari inatambua kwamba mto lazima ubaki na maji ya kulinda viumbe na mahitaji ya msingi ya watu. Na bonde lina bodi yake ya maji. Kinachohitajika ni watu wa kuuliza mwaka hadi mwaka: mwezi Aprili mliachia kiasi gani? Ziwa Tagalala lilijaa? Zumbi je?

Hapa ndipo sisi tunaingia

Kariba ilijengwa na wakoloni, na Watonga hawakuulizwa. Sisi hatuna kisingizio hicho. Chuo hiki kina watu wa maji, wa takwimu, wa sheria, wa utalii na wa ualimu, na wengi wanahangaika kutafuta mada ya utafiti wa mwaka wa tatu hadi wanaishia kurudia ya kaka zao. Mada hizi hapa. Picha za satelaiti za maziwa ya Rufiji zinapatikana bure mtandaoni tangu kabla ya bwawa. Mtu anaweza kupima ukubwa wa Ziwa Manze kila Juni na kulinganisha. Mtu wa sheria achambue kifungu cha maji ya akiba. Mtu wa utalii aulize kwa nini vijana wa vijijini wanaojua pondo na kafi kuliko yeyote hawapati nafasi ya kuongoza wageni kwenye maziwa ya nje ya hifadhi, kwa mafunzo na vifaa vya usalama, kama wenzao wa Okavango.

Sisi walimu kazi yetu ni rahisi zaidi. Tufute Mississippi, tuandike Tagalala. Mtoto wa Rufiji akijua kwamba lile ziwa la nyuma ya kwao lina jina kwenye jiografia, atajua pia kwamba lina haki ya kuulizwa habari zake.

Na twende. Kiingilio cha Mtanzania hifadhini ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni. Kinachouma ni gari na boti, na hivyo vinagawanyika mkiwa wengi. Njia ya kawaida kutoka Dar ni kupitia Kibiti hadi Mloka, karibu na lango la Mtemere. Wanaopenda reli wanaweza kushuka na TAZARA upande wa Kisaki. Nendeni Juni hadi Oktoba, wakati barabara imekauka na wanyama wamesogea majini. Anzeni kuweka akiba bumu likiingia, kabla halijaishia kwenye chipsi. Mkifika ziwani mwombeni nahodha azime injini, halafu muulizeni maji mwaka huu yalifika wapi. Atawaonyesha alama kwenye vigogo vya mivumo. Ipigeni picha, andikeni tarehe, na mwakani kundi jingine likapige pale pale.